Maili Kumi na Tano za Kapteni Mghanga

Vijana wangu wa karakana, siku ile ya chai na keki ya kuniaga mliniomba niwaandikie mambo ya miaka yangu ya kazi ili yasipotee. Mengine na yapotee tu. Nilipanda cheo lini, nilikaa kiti gani, hayo hayawasaidii kitu. Nitawaandikia habari za bomba moja lisilozidi urefu wa mkono, na pahali pa kulifunga kwenye helikopta. Nilipatafuta pahali hapo miaka minne, nikapaona, na tangu nipaone sijapata raha kamili. Mkitaka kumbukumbu za kuchekesha, mwandameni yule dereva wetu wa zamani.

Niliingia kazini miaka ya tisini ikiwa ndiyo kwanza inaanza. Nilikuwa nimetoka Kaloleni na cheti changu cha ufundi, nimepanga chumba Tononoka, na kila asubuhi nikienda kwa miguu hadi kwenye kiwanja cha kampuni, kando ya maji upande wa Tudor. Kampuni yenyewe sasa haiko, wala jina lake silitaji. Ilikuwa na helikopta mbili. Moja ilikuwa nzima na nyingine ilikuwa duka letu la vipuri. Kazi kubwa ilikuwa meli: meli ikingoja nje ya bandari na baharia akaugua, sisi ndio tuliopeleka tabibu na kumrudisha mgonjwa.

Mkuu wangu alikuwa Fundi Shee, mzaliwa wa Mji wa Kale, ambaye kabla ya kuja kwetu alikuwa akitengeneza saa za mkono kwenye meza ndogo barazani kwao. Waliomwajiri walisema ni mtu pekee kisiwani awezaye kufungua chombo na kukifunga bila skrubu kubaki. Kila chombo cha kupimia alichokishika, kiwe cha mafuta au cha urefu angani, yeye alikiita saa, na sisi tukamfuata. Kwa hiyo nikisema saa ya kasi, msifikiri ninasahau lugha ya kazi.

Siku yangu ya kwanza alinionyesha bomba la kasi. Ni kibomba chembamba kinachotazama mbele kwenye pua ya helikopta. Upepo huingia ndani yake, na kadiri ndege inavyokwenda kasi ndivyo upepo unavyosukuma zaidi, na mshale wa saa ukapanda. Aliponipa kisogo nikaweka mdomo nikapuliza, nione mshale unavyokwenda. Ulikwenda kweli, ukafika mwisho, ukajikunja na kubaki huko huko. Fundi Shee hakupandisha sauti. Aliichukua saa, akaitazama, akasema, "Mwanangu, hii haipulizwi kwa kanwa. Kanwa lako lina nguvu kuliko ndege." Ilimchukua siku tatu kuitengeneza, na siku zote tatu alinikalisha kando yake nitazame nilichofanya.

Chombo chake cha kupimia hakikutoka ng'ambo. Kilikuwa mpira mwembamba wa kuona ndani, umepindwa kama ndoana na kupigiliwa ubaoni, una maji nusu. Maji aliyatia rangi ya biriani ili macho yayaone vizuri. Ukisukuma hewa upande huu, maji hupanda upande ule, nawe unajua kwa hakika saa ilipaswa kusema nini. Wageni walipotembelea karakana, meneja alitutaka tuufiche ubao ule nyuma ya kabati. Nimefanya kazi na mashine za bei kubwa tangu hapo, na sijaona iliyowahi kuushinda.

Sasa sikizeni shida. Ndege ya mabawa bomba lake hufungwa mbali kwenye bawa, upepo unakuja kutoka mbele, basi. Helikopta ina panga kubwa juu linalosukuma upepo kwenda chini mchana kutwa. Bomba halijui upepo huu umetoka mbele au umetoka juu. Ukienda kasi panga linasamehe kidogo. Ukienda polepole, unapotaka kutua, ndipo saa huanza kubabaika, na ndipo rubani anapoihitaji. Ndiyo maana pahali pa kufunga bomba si jambo la fundi kuchagua kwa kutazama.

Helikopta yetu ilitoka kiwandani na bomba lake chini ya pua, na ilisema kweli. Kisha kampuni ikataka kazi za baharini. Tukafunga maboya miguuni, na chini ya pua tukafunga taa kubwa. Kuanzia siku ile saa ikawa inapunja maili kumi na tano. Ikisema arobaini na tano, mnakwenda sitini. Ikisema ishirini na tano, mnakwenda arobaini. Upepo ulikuwa ukigonga taa na maboya na kuvurugika kabla haujafika kwenye bomba.

Rubani wetu alikuwa Kapteni Mghanga, Mtaita, mtu mrefu mwenye kicheko cha kujaza karakana. Aligundua kosa lile siku ya pili, akatuletea habari kama anayetuletea njugu. Fundi Shee alisema ndege isiruke. Meneja alisema meli hazingoji. Wakapatana, kama watu wanavyopatana kazini, kwamba wote wawili wamesikilizwa na ndege itaruka. Mimi nikakata kipande cha plasta, nikaandika kwa kalamu "ongeza 15", nikakibandika chini ya kioo cha saa. Fundi Shee alikitazama kipande kile kwa muda. "Saa ikisema urongo hutengezwa saa," alisema, "hafundishwi mtu kuuzowea."

Lakini alifundishwa, na alizoea. Mwaka haukuisha plasta ikafutika maandishi, na hakuna aliyeiandika upya kwa sababu hakuna aliyekuwa akiisoma tena. Kapteni akitazama ishirini na tano aliona arobaini, bila kufikiri. Mkewe, Mwalimu Wakesho, aliyekuwa akifundisha shule moja huko Tononoka, alitutania kwamba mumewe hata saa ya ukutani huiongezea dakika kumi na tano, ndiyo maana wao hawachelewi kanisani. Tulicheka sana. Na kila asubuhi, kwenye karatasi ya ukaguzi, penye mstari wa saa ya kasi, niliandika "sawa" na kutia sahihi. Kuandika vingine kungeifungia ndege chini. Nililijua hilo nilipokuwa nikiandika, kila asubuhi, miaka minne.

Msidhani tulikaa kitako. Mimi na Kapteni tulipatafuta pahali pa bomba kama watu wanaotafuta pete iliyoanguka. Nilikwenda Biashara Street nikanunua sufu nyekundu ya kufumia. Mwenye duka akanipongeza, akauliza kama ni mtoto wa kwanza, nami kwa kuona haya nikaitikia. Tuliikata vipande vya urefu wa kidole, tukavibandika mwili mzima wa helikopta kwa utepe, ikawa kama imeota ukurutu. Kapteni akairusha, mimi nikajifunga mkanda na kuchungulia mlangoni na kamera. Uzi uliolala sawasawa ulimaanisha upepo mzuri, na uzi uliocheza ulimaanisha upepo uliovurugika. Chini ya pua, kwenye bomba letu, nyuzi zilizunguka kama nzi juu ya papai.

Kisha tukapima. Tuliweka mapipa mawili yaliyopakwa chokaa ukingoni mwa maji, umbali tunaoujua kwa kamba. Kapteni alipita juu ya mapipa kwa kasi moja, kwenda na kurudi, mimi nikiwa na saa ya kusimamisha. Kwenda na kurudi, vijana, msisahau, kwani upepo uliokusaidia kwenda utakudai ukirudi. Tulijaribu juu ya paa, mbele ya panga, na kwa mwendo wa polepole saa ikapagawa. Tulijaribu ubavuni karibu na mlango, na kila ndege ilipoelekea upande saa ikaenda nayo. Tulijaribu kwenye mguu, boya likaziba. Mwishowe tulilitoa bomba mbele ya pua kwa kijiti cha urefu wa mkono, upande wa kulia, usawa wa magoti ya rubani. Hapo saa ilikubaliana na mapipa, kasi kubwa na kasi ndogo, na hata wakati wa kuteremka. Kapteni alinikumbatia kiwanjani, na jasho lake likanilowesha shati.

Hapo ndipo nilipojifunza kwamba kupata jibu si kazi. Kutoboa tundu kwenye mwili wa ndege kulihitaji barua ya kiwanda ng'ambo na barua ya ofisi ya leseni hapa. Barua zilikwenda. Zikarudi na maswali. Tukajibu. Zikakaa. Katika kukaa huko Fundi Shee akapata mtoto wa jicho akastaafu, nami nikawa mkuu wa karakana yenye watu wawili, mmoja wao akiwa mimi. Tulilifunga tena bomba chini ya pua, kwenye uongo wake, na Kapteni akaendelea kuongeza kumi na tano.

Kibali kilikuja siku ambayo nilikuwa nimeacha kukingoja. Nilifunga kijiti kwa mikono yangu, nikaunganisha mipira, nikapima kwa maji ya biriani, tukapita juu ya mapipa. Sawa kabisa. Jioni nikaenda Mji wa Kale kumpa Fundi Shee habari njema. Alikuwa amekaa barazani, haoni tena vizuri, akafurahi mpaka akanishika mkono. Kisha akaniuliza, "Na uso wake umeugeuza?"

Ilikuwa desturi yake, nami niliijua. Saa ikibadilika tabia baada ya kutengenezwa, yeye hakuirudisha kama ilivyokuwa. Aliizungusha kidogo kwenye tundu lake ili mshale uanzie pengine, au akapaka mstari mwekundu kwenye kioo, au akaihamishia pahali pengine kabisa kwenye ubao wa vyombo mbele ya rubani. Marubani walimlalamikia. Yeye alisema ndivyo anavyotaka. "Jito la mtu huzowea, Kahindi," aliniambia jioni ile, akigusa jicho lake bovu. "Ukiitengeza saa, mfanye ashtuke akiiona."

Nilimwambia nitafanya. Nami sikufanya. Ningeweza kuwaambia meneja alinikimbiza, na kweli alikuwa akinikimbiza, lakini siyo sababu. Nilitaka ionekane nzuri. Miaka minne nilikuwa nimeona haya kwa ajili ya saa ile, na sasa ilikuwa ikisema kweli. Nilibandua ile plasta kuukuu, nikasugua gundi yake kwa spiriti hadi ikaisha, nikakipangusa kioo kikang'aa. Hapakubaki alama yoyote ya kumwambia mtu kwamba hii si ile aliyoizoea.

Tulipoijaribu tena, Kapteni alisaini karatasi kwamba ameelezwa. Angani saa ilisema sitini, naye akatamka, "Sabini na tano." Nikamgusa bega. Akacheka. "Ulimi tu huo, Fundi. Kichwa kimeelewa." Nikacheka naye, na hiyo ndiyo mara ya pili nilipopewa nafasi ya kumwokoa.

Aliruka siku kadhaa bila tatizo, na leo najua kwa nini. Upepo wa baharini ulikuwa ukivuma, na helikopta inayotua kwa kuukabili upepo hupata kwa bure kile ambacho rubani amepunguza. Kisha yakaja maleleji, zile siku za katikati ya misimu, upepo ukafa na bahari ikalala kama sahani. Meli moja ikaita saa sita mchana. Kapteni akaondoka na Salimu, muuguzi wetu, kijana wa Mji wa Kale aliyekuwa akiishi na mamake, Bi Zuhura. Mimi nilikuwa karakanani, redio iko wazi, nalainisha bawaba ya mlango.

Nikamsikia Kapteni akiiambia meli, "Nina arobaini, nateremka." Alisema kwa sauti yake ya kawaida. Nikaendelea na bawaba. Kisha redio ikaanza kuongea lugha za watu wa meli, wengi kwa pamoja.

Waliokuwa sitahani walieleza kwamba ilikuwa inakuja vizuri, kisha ikadondoka. Helikopta ikikosa mwendo wa mbele huku inateremka kwa nguvu, huingia ndani ya upepo inaousukuma yenyewe. Panga linakata hewa inayokwenda chini pamoja nalo, na kadiri rubani anavyovuta kupanda ndivyo anavyozama. Kwa maili arobaini za kweli jambo hilo halitokei. Kwa ishirini na tano hutokea. Iligonga ukingo wa meli, ikaangukia majini, ikapinduka juu ya maboya yake. Hakutoka mtu.

Wachunguzi walikuja, watu waungwana. Saa ilitolewa majini, bomba na kijiti vikapimwa, na vyote vikaonekana sahihi. Walipekua karatasi zangu za miaka minne, "sawa" na "sawa" na "sawa", wakanisifu kwa utaratibu. Hakuna aliyeniuliza ilikuwaje zamani, kwa maana karatasi zilisema ilikuwa sawa, barua za kibali zilitaja taa na maboya tu, na meneja alikuwa na yake ya kuogopa. Nami sikufungua mdomo. Niliogopa, vijana. Niliogopa kufungwa, na niliogopa kuonekana. Wakaandika kosa la rubani. Fundi Shee aliniuliza neno moja tu, "Uliugeuza?" Nikasema sikuugeuza. Hakuniuliza tena jambo lolote la kazi hadi alipofariki.

Kapteni tulimzika kwao Taita. Mwalimu Wakesho aliporudi Tudor alinitumia mtu niende nyumbani kwake. Nilimkuta ana rundo la madaftari ya watoto mezani, kalamu nyekundu mkononi, anasahihisha. Aliniuliza kwa upole kama anavyouliza mwalimu.

"Fundi Kahindi, wewe ndiye uliyeijua ile ndege. Niambie kweli. Saa yake ilikuwa nzima?"

"Ilikuwa nzima, Mwalimu."

Hakuna uongo katika jibu lile hata chembe. Alitikisa kichwa taratibu, akasema, "Basi ni yeye. Afadhali nijue." Kisha akaniomba nimpeleke kwa mamake Salimu. Alikuwa amesikia kwamba watu wa Mji wa Kale humwombea radhi maiti wao kwa waliokosewa, ili asiende na deni la watu. Yeye ni Mkristo, alisema, hajui taratibu, lakini mumewe amemuua mtoto wa mtu na hataki alale na jambo hilo.

Tulikwenda Alhamisi, baada ya alasiri. Mwalimu alijitanda kanga kichwani kwa heshima ya nyumba. Bi Zuhura alitukaribisha ukumbini, akatuuliza hali, akaamuru kahawa, kana kwamba tumekuja kwa arusi. Mwalimu Wakesho hakuigusa kahawa. Alipiga magoti juu ya mkeka, akasema mumewe alikosea, alikuwa hodari lakini siku ile hakuwa mwangalifu, naye amekuja kumwombea radhi. Aliyasema bila kukwama. Nadhani alikuwa ameyarudia maneno hayo njia nzima.

Mimi nilikuwa nimekaa nao. Nilikuwa na maneno yote kinywani, yamepangika: plasta, karatasi, kioo nilichokisugua. Zilitosha dakika mbili kuyasema. Nilitazama mkeka.

Bi Zuhura alimshika mabega akamwinua. "Nimemsamehe mumeo, mwanangu, kwa Mola na kwa watu," alisema. "Na weye usiye ukaubeba mzigo usio wako." Kisha akanigeukia mimi, akanishukuru kwa kumleta mgeni, akasema Mungu anilipe.

Nilivaa viatu vyangu mlangoni, nikamsindikiza Mwalimu hadi kwake, nikarudi kazini asubuhi iliyofuata na siku nyingine nyingi baada ya hiyo. Ndege zenu zote nimezifunga bomba pahali pake, na kila saa niliyoitengeneza niliigeuza uso. Mlikuwa mkininung'unikia kwa hilo. Bi Zuhura amekwisha tangulia. Mwalimu Wakesho yu hai, amestaafu kama mimi, anakaa papo hapo Tudor, na hukutana nami sokoni akanisalimia kwa furaha. Watoto wake wamekua wakijua kwamba baba yao alikufa kwa uzembe, na ni yeye aliyewaambia, kwa sababu mimi nilimwambia saa ilikuwa nzima. Haya niliyoyaandika hapa, ninyi mnayasoma kabla yake.